Plastiki si kitu kimoja

Maneno haya yalitolewa katika ukumbi wa mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi, mbele ya mafundi, wasusi, wanafunzi wa sekondari na vijana wanaonunua na kuuza plastiki kuukuu. Yameandikwa karibu kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na maswali mawili ya mwisho.

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, mafundi, na nyinyi vijana mliojificha viti vya nyuma mkidhani sitawaona: hamjambo?

Nimeombwa kusema juu ya plastiki, na najua wengi mmekuja mkisubiri kukaripiwa. Mtu akisimama Nairobi hii akataja plastiki, kinachofuata ni Mto Nairobi, mitaro iliyoziba, na lawama kwa mama mboga. Hayo nitayafikia, ila kwa njia ndefu ya kemia, na sababu yangu ni hii: tunatoa hukumu moja kwa vitu vingi visivyofanana. Kuna plastiki inayoelea na inayozama, inayoyeyuka tena na isiyoyeyuka kamwe, inayoungua kama mshumaa na inayotoa asidi ikiungua. Asiyejua ipi ni ipi hawezi kuitumia vizuri, hawezi kuiuza vizuri, na hata akiichukia hataichukia kwa haki.

Hebu uangalieni ukumbi wenyewe. Viti mlivyokalia ni polipropilini. Waya unaoleta umeme kwenye kipaza sauti hiki umevikwa PVC. Shati langu linajifanya pamba, lakini nusu yake ni poliesta. Mshikio wa ile sufuria ya chai kule nyuma ni plastiki ya aina nyingine kabisa, nayo nitaitaja. Na dada wa mstari wa pili, samahani, nywele zako zimesukwa zikapendeza, na nyingi kati ya hizo hazikuota kichwani mwa mtu yeyote. Vyote hivi asili yake ni kioevu cheusi kilichochimbwa ardhini.

Mafuta ghafi ni mabaki ya viumbe wadogo wa majini, hasa mwani, waliozama matopeni wakafunikwa, wakakandamizwa na kupashwa joto kwa mamilioni ya miaka. Karibu yote ni elementi mbili tu, kaboni na haidrojeni, zilizoungana katika molekuli za urefu mbalimbali. Kuna salfa kidogo pia, na chembe za metali. Urefu wa molekuli ndio unaoamua tabia: yenye kaboni moja ni gesi, yenye kaboni nane ni kimiminika kinachoruka upesi, yenye kaboni thelathini ni nta.

Sisi wenyewe tuna mfano mzuri. Machi 2012 kampuni ya Tullow ilipata mafuta Turkana, bonde la Lokichar, katika kisima kilichoitwa Ngamia 1. Mafuta yale yalitokana na mwani wa ziwa la kale, si wa bahari, na mafuta ya namna hiyo huwa na nta nyingi. Ukiyaweka kwenye ndoo hapa Nairobi yataganda. Ndiyo maana yalisafirishwa hadi Mombasa katika matangi yanayohifadhi joto, na shehena ya kwanza, mapipa kama 200,000, ikaondoka bandarini Agosti 2019. Shikeni habari ya hiyo nta, maana kuna mtu ataiuliza.

Sasa tuyapeleke mafuta kiwandani. Humu ndani kuna watu, sitawataja, wanaojua chang'aa inavyopikwa. (Kicheko.) Hao wameshaelewa robo ya kazi. Mchanganyiko unachemshwa, kinachoruka mapema kinatangulia kuwa mvuke, mvuke unapozwa kando, na unakinga kitu ambacho mwanzoni kilikuwa kimejificha ndani ya vingine. Kiwanda cha mafuta kinafanya hivyo hivyo kwa moto mkali zaidi. Mafuta hupashwa hadi karibu nyuzi 350 za Selsiasi, yakaingizwa katika mnara ambao chini ni moto sana na juu ni nafuu. Mvuke unapanda, na kila aina ikifika kimo chenye joto lake inarudi kuwa kimiminika na kutolewa pembeni. Juu kabisa zinatoka gesi, zikiwemo propani na butani tunazopikia. Inafuata nafta na petroli, halafu mafuta ya taa na ya ndege, halafu dizeli. Kinachobaki chini, kizito na cheusi, ndicho chanzo cha mafuta ya mitambo, nta na lami ya Jogoo Road.

Kenya ilikuwa na mnara wake pale Changamwe. Ulianza kazi mwaka 1963 na ukasimama 2013. Lakini ule ulijengwa kwa ajili ya mafuta ya kuchoma, si ya kuunda vitu, na mnara peke yake hauwezi kukupa plastiki, kwa sababu mnara haubadilishi molekuli yoyote. Unazitenga tu. Pipa la mafuta lina lita 159, na duniani kote sehemu kubwa ya pipa hilo huishia kwenye injini, majiko na mitambo ya umeme. Takriban moja ya nane tu ndiyo inayokwenda kutengeneza kemikali na bidhaa. Kwa maoni yangu hii ni hesabu ya kusikitisha: tunachoma malighafi adimu kana kwamba ni magunzi.

Hiyo moja ya nane ndiyo iliyonileta hapa. Nyingi yake ni nafta, kimiminika chepesi kinachofanana na petroli. Inachanganywa na mvuke wa maji na kupitishwa ndani ya mabomba membamba yaliyo katikati ya tanuri, kwenye joto la nyuzi 800 hadi 850, wakati mwingine zaidi. Inakaa humo chini ya sekunde moja. Katika muda huo mfupi molekuli zinakatika kwa joto pekee. Zikitoka lazima zipozwe papo hapo, la sivyo zitaendelea kugongana na kuungana ovyo mpaka ziwe masizi ndani ya mabomba. Marekani na nchi za Ghuba hutumia sana ethani, gesi inayopatikana pamoja na gesi asilia, badala ya nafta. Tanuri linafanya kazi ile ile.

Kutoka kwenye nafta, karibu thuluthi ya uzito inatoka ikiwa ethilini. Propilini ni kama nusu ya hiyo. Kuna butadieni, kuna benzini na ndugu zake, na gesi zinazorudishwa kuchoma tanuri lenyewe. Majina haya manne, ethilini, propilini, butadieni na benzini, mkiyashika mtakuwa mmeshika sehemu kubwa ya kilichomo madukani.

Ethilini ina kaboni mbili na haidrojeni nne. Ilinganisheni na ethani, ambayo ina kaboni mbili na haidrojeni sita. Katika ethani kila kaboni imeshika vyote inavyoweza kushika. Imeshiba, haitaki mgeni. Katika ethilini zile kaboni mbili zimeshikana kwa bondi mbili, na mojawapo ni rahisi kufunguka. Ikifunguka, kila kaboni inabaki na nafasi wazi. Ikiwa iliyo jirani ni ethilini nyingine, zinashikana, na ncha ya mnyororo inabaki wazi tena. Inashika ya tatu, ya nne, ya elfu kumi. Gesi isiyoonekana imekuwa kitu kigumu cheupe. Hiyo ndiyo polithini.

Nikieleza hivi inaonekana rahisi, kumbe ethilini haifunguki kwa kuombwa. Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI kule Northwich, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakijaribu kuiunganisha ethilini na kemikali nyingine kwa kani kubwa mno ya mgandamizo, yaani presha, zaidi ya mara elfu moja ya kani ya hewa tunayovuta. Jaribio lenyewe halikufaulu. Ila ndani ya chombo wakakuta utando mweupe kama nta. Walipojaribu kurudia, mara chombo kililipuka, mara hakikutokea kitu. Ilichukua hadi Desemba 1935 wenzao kufaulu tena, na hapo pia kwa bahati: chombo kilivuja, wakaongeza ethilini mpya, na ethilini ile ilikuwa na oksijeni kidogo sana ndani yake. Ile oksijeni ndiyo iliyoanzisha mnyororo. Ikizidi kidogo, mlipuko. Ikikosekana, hakuna kitu. Kiwanda kilianza kazi mwaka 1939, mwaka ule ule vita vilipolipuka Ulaya, na polithini ya mwanzo haikwenda kwenye mifuko wala mabeseni. Ilivikwa nyaya za rada.

Mwaka 1953 Karl Ziegler, kule Mülheim, Ujerumani, alipata njia isiyohitaji kani hiyo ya kutisha. Alitumia kichocheo chenye titani na alumini, na ethilini ikaungana kwenye kani ya kawaida. Mwaka uliofuata Giulio Natta, Mwitaliano, alitumia vichocheo vya namna hiyo kwa propilini, akapata polipropilini iliyopangika vizuri. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963.

Mama anayeuza mitungi atauliza: hayo yananihusu nini? Yanakuhusu. Polithini ya kani kubwa ina minyororo yenye matawi mengi. Matawi hayaiachi minyororo ilale karibu karibu, kwa hiyo kinachopatikana ni laini, kinakunjika, kinapitisha nuru: ndiyo juala, ule mfuko mwepesi wa dukani, ndiyo karatasi ya kufunikia miche. Polithini ya Ziegler ina minyororo iliyonyooka, inabanana, inakuwa ngumu: ndiyo mtungi wa lita ishirini ambao mtu anaangusha kutoka kwenye mkokoteni na bado hautoboki. Kemikali ni ile ile, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Umbo la mnyororo tu.

Polipropilini inahimili joto zaidi ya polithini, ndiyo maana vyombo vya chakula cha moto ni vyake, na kamba, na magunia yaliyofumwa ya mahindi na viazi. PVC ni ajabu yake: zaidi ya nusu ya uzito wake, asilimia 57, ni klorini inayotokana na chumvi, kwa hiyo inatumia mafuta machache kuliko nyingine. Ikiachwa yenyewe ni ngumu, ni paipu. Ikichanganywa na kemikali za kulainisha inakuwa ngozi bandia ya viti vya matatu. PET inatokana na vitu viwili, kimoja cha ukoo wa ethilini na kingine cha ukoo wa benzini. John Whinfield na James Dickson waliitengeneza Manchester mwaka 1941 wakitafuta uzi wa nguo. Chupa za soda zilikuja miaka zaidi ya thelathini baadaye. Ukiivuta nyuzi ni shati la poliesta la Gikomba. Ukiipuliza ndani ya kalibu ni chupa. Ndiyo maana chupa kuukuu zinaweza kuyeyushwa na kuvutwa zikawa nyuzi za nguo au za kujazia mito.

Nisiwasahau wasusi, maana wao ni wanakemia wasiolipwa mshahara wa wanakemia. Nywele nyingi za bandia zinazouzwa katika soko la Kenyatta ni modakriliki. Propilini inaunganishwa na amonia na oksijeni kupata akrilonitraili, nayo inaunganishwa na kemikali yenye klorini. Klorini hiyo inazifanya zisishike moto kirahisi, jambo la maana kwa kitu kinachokaa kichwani mwa mtu anayepika. Sasa msusi akimaliza kazi anachovya ncha katika maji yanayochemka. Anafanya nini? Maji ya moto hayaziyeyushi. Yanailegeza minyororo kiasi cha kuteleza kidogo, na ikipoa inakaza katika umbo jipya, ndiyo mawimbi yanabaki hata baada ya mvua. Nywele zetu za asili zikinyooshwa kwa moto zinarudi zikipata unyevu, kwa sababu zinashikiliwa na nguvu ambazo maji huzivunja. Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha plastiki ya kweli inayolainika: joto linaipa umbo, ubaridi unalitunza.

Kuna zisizotii kipimo hicho. Turudi kwa mshikio wa sufuria. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyeishi Marekani, aliunganisha fenoli na formaldehaidi akapata Bakelite. Humo minyororo haikulala kando kando tu; imefungwa pamoja kwa bondi kila upande, hata unaweza kusema mshikio mzima ni molekuli moja. Ukiupasha hauyeyuki. Ukizidisha unageuka mkaa. Tairi nalo ni hivyo. Mpira wake, wa mti na wa kutengenezwa kwa butadieni, umefungwa kwa salfa kwa joto, njia aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839. Ndani yake kuna masizi laini yanayotengenezwa makusudi kwa kuchoma mafuta mazito bila hewa ya kutosha, nayo ndiyo yanayoliongezea tairi uimara. (Masizi hayo hayo yamo katika matangi meusi ya maji juu ya mapaa yenu, yanazuia jua lisikate minyororo ya polithini.) Kwa hiyo fundi wa akala anayekata tairi kuwa kandambili anafanya jambo sahihi kikemia. Kitu kisichoyeyuka hukatwa, hakipikwi.

Orodha ni ndefu na sitaimaliza. Sabuni ya unga ni ya ukoo wa benzini. Paracetamol vilevile. Vaseline ilianza kama uchafu wa nta uliokuwa ukikwama kwenye mitambo ya visima vya Pennsylvania, wafanyakazi wakiupaka walipoungua, mpaka Robert Chesebrough akausafisha na kuupatia hataza mwaka 1872. Tuliojipaka asubuhi ya leo tusijifanye hatuyajui mafuta ghafi.

Sasa njooni mezani, vijana wa Dandora, nimewaletea beseni la maji. Chukua chupa ya soda, ikate kipande, toa na kifuniko. Tumbukiza vyote na uvisukume chini viloane. Kifuniko kinaelea. Chupa inazama. Mmeona? Chupa moja, mtu mmoja kainunua, lakini plastiki mbili. Kifuniko ni polithini au polipropilini, nyepesi kuliko maji. Chupa ni PET, ambayo uzito wake ni karibu mara 1.4 ya maji. Ukikata plastiki zilizochanganyika vipande vidogo na kuvitia kwenye pipa la maji, maji yatakuchambulia bure. Kuna polistirini, ile ya vijiko vinavyovunjika, inayozama kwenye maji ya kawaida lakini inaelea ukiyakoleza kwa chumvi. Angalizo: kiwanda kikichanganya chaki kwenye plastiki, nyepesi inaweza kuzama, kwa hiyo angalieni pia ile tarakimu ndani ya pembetatu chini ya chombo. 1 ni PET, 2 polithini ngumu, 3 PVC, 4 polithini laini, 5 polipropilini, 6 polistirini.

Tatizo ni PET na PVC. Zote zinazama, na kwa macho zinaweza kufanana. PVC kidogo ikiingia kwenye PET inayoyeyushwa, inaoza kwa lile joto, inatoa asidi, na asidi inakata minyororo ya PET na kuigeuza rangi. Mnunuzi anakurudishia gunia zima. Njia ya zamani ya maabara ni waya wa shaba: pasha mpaka uwe mwekundu, uguse kwenye plastiki, uurudishe motoni. Moto ukiwa wa kijani, kuna klorini. Fanyeni nje, upepo ukiwa mgongoni.

Na hapo ndipo nataka kusema kwa ukali kidogo. Kuna nyumba hapa ambazo jiko la makaa huwashwa kwa kipande cha plastiki. Najua sababu: mafuta ya taa ni ghali, na plastiki inawaka upesi. Bila shaka inawaka. Ni kaboni na haidrojeni, ni ndugu ya mafuta ya taa. Wahenga walisema kuni zilizo uchagani huzicheka zilizo motoni. Lakini polithini ikiungua kwenye jiko haipati hewa ya kutosha, kwa hiyo inatoa masizi na monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu. PVC ni mbaya zaidi: inatoa asidi ya hidrokloriki hewani, na moto wa ovyo unaweza kutoa dioksini, sumu kali. Mtoto amekaa pale anasubiri chai. Mkichoma nyaya ili mpate shaba ni hivyo hivyo, tena mnapoteza: shaba iliyochomwa ni nyeusi na bei yake hushuka. Chuneni kwa kisu.

Kwa nini basi plastiki haiozi? Watu husema ni kwa sababu imetengenezwa kiwandani. Si jibu. Sabuni ya unga pia imetengenezwa kiwandani. Miaka ya 1950 sabuni za namna hiyo zilijaza mito ya Ulaya na Marekani povu, kwa sababu molekuli zake zilikuwa na mkia wenye matawi ambao bakteria hawakuweza kuumaliza. Miaka ya 1960 wanakemia walianza kunyoosha mkia huo, tawi likaondoka, na bakteria wakaanza kuila. Malighafi bado ni mafuta. Umbo ndilo lililobadilika. Polithini inashindikana kwa sababu mgongo wake wote ni kaboni iliyoshikana na kaboni, hauna mahali dhaifu pa kuanzia, na mnyororo ni mrefu mno kupita kwenye ukuta wa bakteria. Jua huukata polepole, lakini kinachopatikana ni vipande vidogo vya plastiki ile ile.

Ndiyo maana naunga mkono marufuku ya mifuko iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, hata kama faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4 iliwatisha wachuuzi kuliko viwanda. Juala ni jepesi mno. Aokotaye taka lazima akusanye maelfu apate kilo za kuuza, wakati mtungi mmoja tu una uzito wa kumlipa. Kitu kisicholipa kuokotwa kitabaki mtaroni, na hakuna semina itakayobadilisha hilo. Kati ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa na kutupwa duniani hadi 2015, asilimia 9 tu ilikuwa imerejelezwa. Tarehe 2 Machi 2022, hapa hapa Gigiri, mataifa yalikubaliana kuandika mkataba wa plastiki. Katika mazungumzo ya Busan, Korea Kusini, mwaka 2024 na ya Geneva mwaka 2025 yakaachana bila mkataba, na mvutano mkubwa ulikuwa kama utengenezaji wenyewe upunguzwe au tushughulikie taka tu. Wenye mafuta na wasio nayo hawawezi kulijibu swali hilo kwa sauti moja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nichukue maswali mawili.

Mwanafunzi ameuliza: mwalimu, kwa nini tusichukue mafuta ya Turkana tutengeneze plastiki yetu, badala ya viwanda vya Enterprise Road kununua chembechembe za plastiki kutoka nje?

Swali zuri, na kemia iko upande wako. Mafuta yenye nta ni minyororo iliyonyooka, na iliyonyooka ikiingia tanurini hutoa ethilini nyingi. Kinachokukwamisha ni ukubwa. Tanuri la kisasa hutengeneza tani milioni moja za ethilini kwa mwaka au zaidi, na hujengwa kwa mabilioni ya dola. Likitumia nafta, linahitaji karibu tani milioni tatu kwa mwaka, yaani kama tani 8,000 kila siku. Ile shehena ya 2019, mapipa 200,000, ni takriban tani 27,000. Hata kama yote yangekuwa nafta, na hayakuwa, tanuri lingeimaliza kwa siku tatu au nne. Ukijenga dogo, kila kilo itakugharimu zaidi kuliko ile inayoshuka Mombasa kwenye meli. Kwa sasa faida yetu iko baada ya tanuri: kuyeyusha, kupuliza, kufinyanga, na kununua tena kilichokwisha kutumika. Mmesikia habari za Nzambi Matee, anayechanganya plastiki na mchanga kupata matofali ya kutandika njiani, hapa hapa Nairobi. Yeye hakungoja tanuri.

Na kijana wa fulana nyekundu: ameona kwenye simu watu wanaopika plastiki ndani ya pipa na kupata dizeli. Je, ni kweli, na anaweza kufanya nyuma ya nyumba?

Ni kweli, na usifanye. Polithini na polipropilini zikipashwa hadi nyuzi 400 au 500 bila hewa, minyororo inakatika na kurudi kuwa mchanganyiko wa gesi, mafuta na nta. Ni lile tanuri la nafta kwa moto mdogo. Lakini unachokinga si dizeli ya dukani. Kina sehemu nyepesi kama petroli, kinachoweza kushika moto kwa cheche ukikimimina, na kina bondi mbili nyingi zinazokifanya kigande gundi ndani ya injini. Hewa ikiingia kwenye pipa likiwa moto, linalipuka. PVC ikichanganyika, asidi inalitoboa pipa lenyewe. PET haikupi mafuta ya maana. Inatoa gesi na asidi ngumu inayoziba bomba. Viwanda vinavyofanya kazi hii huanza kwa kuchambua, wakatoa PVC na PET kabla ya kuwasha chochote, kisha husafisha yale mafuta kwa haidrojeni na kuyauza kwa wenye matanuri, ambao huyachanganya na nafta. Wewe una soko la hiyo hatua ya kwanza, ya kuchambua, tayari. Polithini iliyochambuliwa, ikaoshwa, ikakauka, inauzwa leo Nairobi kwa kilo, na mashine unayohitaji ni hili beseni.